Tabora Ishambulie Vipi?

Tarehe 7 Novemba 2024 Tabora United walikwenda Chamazi, Dar es Salaam, wakaichapa Yanga mabao 3-1. Yanga walikuwa mabingwa wa misimu mitatu mfululizo, na siku nane baada ya kipigo kile kocha wao, Miguel Gamondi, hakuwa na kazi tena. Tabora nzima ilitamba. Lakini tarehe 2 Februari 2025 Simba walikuja Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi wakaondoka na ushindi wa 3-0, na Aprili Yanga nao wakaja kulipiza kisasi, 3-0 vilevile. Timu iliyouma ugenini haikupata hata bao la kufutia machozi nyumbani mbele ya vigogo hao wawili.

Sasa klabu inaitwa TRA United, baada ya Mamlaka ya Mapato Tanzania kuichukua mwaka 2025. Kwenye vijiwe vya kahawa vya Gongoni, hapa Tabora, hoja ni moja: timu imepata mwenyewe, basi ishambulie, hasa nyumbani, na isiwaogope Simba na Yanga. Kiu hiyo ninayo mimi pia. Ila wengi wetu tunaposema "ishambulie" tunafikiria soka la miaka kumi iliyopita: winga apige krosi, straika aruke, mabeki wa pembeni wapande wote wawili hata kama nyuma hakuna mtu. Soka hilo limeshapitwa na wakati hapahapa nchini, na ushahidi umo kwenye orodha ya wafungaji bora wa Ligi Kuu.

Msimu wa 2015/16 kinara alikuwa Amissi Tambwe wa Yanga, mabao 21. Meddie Kagere wa Simba akafunga 23 msimu wa 2018/19 na 22 uliofuata, kisha John Bocco 16, kisha George Mpole wa Geita Gold 17. Hao wote ni washambuliaji wa kati, watu wa kukaa ndani ya boksi na kusubiri. Msimu wa 2022/23 Fiston Mayele alifunga 17, lakini akalazimika kugawana kiatu na Saido Ntibazonkiza, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchezesha. Baada ya hapo namba tisa akashuka kabisa kileleni. Msimu wa 2023/24 Stephane Aziz Ki alimaliza na mabao 21, Feisal Salum akamfuata kwa 19, na wote wawili ni viungo washambuliaji. Msimu wa 2024/25 ikawa zamu ya Jean Charles Ahoua wa Simba, mabao 16. Kiungo tena. Kweli, kadhaa yalikuwa ya penalti, lakini penalti nazo hutafutwa na watu wanaoingia ndani ya boksi kwa kasi, beki akiwa bado anageuka.

Mayele alipouzwa Pyramids ya Misri mwaka 2023, mashabiki wa Yanga walilia kwamba mabao yamekwenda naye. Gamondi hakumpata Mayele mwingine, akabadilisha kazi ya straika. Straika akawa anashuka kuufuata mpira, beki wa kati anamfuata, nyuma ya beki panabaki uwazi, na anayeingia pale ni kiungo aliyetokea mbali huku uso wake ukitazama goli. Matunda yake Simba waliyaona tarehe 5 Novemba 2023, walipofungwa 5-1. Bao la kwanza lilikuwa la straika, Kennedy Musonda. Manne yaliyofuata ya Yanga yalikuwa ya viungo: Maxi Nzengeli mawili, Aziz Ki moja, Pacôme Zouzoua moja la penalti.

Wenzetu wa raga ya ligi, ile ya wachezaji 13 yenye mizizi kaskazini mwa Uingereza na inayopendwa sana Australia, wana mbinu hiyo hiyo. Huko timu inaruhusiwa kukamatwa mara sita tu kabla ya kuukabidhi mpira kwa wapinzani, kwa hiyo hakuna muda wa kuchezea. Zamani jibu lilikuwa nguvu: jitu linapewa mpira, linauvaa ukuta. Siku hizi mchezaji mmoja au wawili wanaukimbilia ukuta kana kwamba wanapokea, na mpira unapita nyuma ya migongo yao hadi kwa mwingine aliyechelewa makusudi. Beki akimfuata chambo ameachwa. Akimpuuza, chambo ndiye anayepewa mpira.

Mwaka 2020 ligi ya Australia iliongeza jambo jingine. Timu inayochelewesha mchezo baada ya kumkamata mtu haikuadhibiwa tena kwa penalti iliyowapa mabeki nafasi ya kupumua. Hesabu ya sita ilianza upya papo hapo, mpira ukiendelea. Mabeki wakakosa muda wa kujipanga, na msimu wa 2021 ukajaa mechi za kufungana pointi nyingi kwa upande mmoja. Wachezaji wale hawakuwa wamegeuka hodari ghafla. Ukuta ulikuwa haujajipanga mpira unapoufikia.

Kwenye soka hakuna mwamuzi wa kukuanzishia hesabu upya. Ukuta wa mpinzani hauna mpangilio katika nafasi moja tu ya uhakika, nayo ni sekunde chache baada ya yeye kupoteza mpira. Kule Chamazi Yanga walikuja juu, mabeki wao wakiwa karibu na mstari wa kati, na Tabora wakaupata uwazi nyuma yao. Nyumbani, tunapotaka mabeki wetu wote wapande kwa sababu jukwaa linapiga kelele "mbele, mbele", tunawapa Simba na Yanga zawadi ileile tuliyopewa na Yanga kule Chamazi. Wana miguu bora kuliko yetu na hawaipotezi. Katika ile mechi ya Februari, Leonel Ateba wa Simba alishafunga mawili kabla ya mapumziko.

Kuna wanaonipinga, na hoja zao zina uzito. Wanasema mechi moja si kipimo: siku ile ya Chamazi Yanga ilimkosa Ibrahim Hamad "Bacca", aliyekuwa anatumikia kadi nyekundu ya mechi ya Azam, na beki wa kati mwenye kasi kama yeye huenda angeziba nusu ya mashimo yale. Nakubali. Wanasema pia kwamba Desemba 2024 Azam walikuja hapa wakafungwa 2-1, kwa hiyo nyumbani si laana. Nakubali vilevile, na sijasema tucheze nyumbani kwa woga. Hoja ninayoiona nzito kuliko zote ni ya tatu. Timu inayokaa nyuma kila wiki huzoea kukaa nyuma, na ikikutana na wa daraja lake, tuseme Prisons au Mashujaa, ambao nao wanakaa nyuma, haina la kufanya. Klabu hii iliujua ugumu huo msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2023/24, iliponusurika kushuka kwa kucheza mtoano.

Hapo ndipo kiungo wa kutokea nyuma anapohitajika, kwa sababu ndiye anayefaa kwa mechi zote mbili. Dhidi ya Simba anakimbia kwenye uwazi mkubwa, dhidi ya timu iliyopaki basi anautengeneza uwazi mdogo. Straika mrefu wa krosi anafaa kwa mechi moja kati ya hizo, tena siku krosi zikiwa nzuri.

Na mchezaji huyo tunaye. Jioni, jua likishapoa, tazama chandimu pale Gongoni. Goli ni mawe mawili yaliyoachana hatua tatu, hakuna kipa, na kupiga kutoka mbali ni kupoteza mpira kwenye nyumba za watu. Mtoto analazimika kufika hadi kwenye mawe. Nimemwona mmoja, miguu peku, bukta imefungwa kwa kamba. Alimpasia mwenzake, akasimama kama aliyechoka, akaacha beki amsahau, kisha akachomoka na kupokea mpira hatua moja kutoka golini. Hakuna aliyemfundisha. Akipelekwa kwenye timu ya shule, kwa kuwa ni mfupi na ana mbio, atapangwa winga na kuambiwa abaki kwenye chaki apige krosi. Kipaji chake cha kuchelewa kitaishia hapo.

Ningekuwa na sauti kwenye uongozi wa TRA United, ningeanzia kwa mtoto huyo kabla ya kumtafuta straika wa kigeni. Ligi inaruhusu wageni, na klabu za mikoani zimezoea kuzijaza nafasi zao kwa namba tisa kila dirisha la usajili, ambao wengi huondoka hata majina yao hatujayazoea. Wakati huohuo wale wanaofunga kweli huchukuliwa. Offen Chikola, mmoja wa walioifunga Yanga kule Chamazi, alisajiliwa na Yanga msimu ulipoisha. Hilo halizuiliki, na fedha yake si mbaya. Ila mchezaji wa aina yake akiondoka inabidi awepo mwingine nyuma yake, aliyekwishacheza miaka miwili kwenye kikosi cha vijana kwa mfumo uleule, anayejua straika akishuka yeye aingie wapi na mpira ukipotea arudi wapi. Kikosi cha vijana cha namna hiyo kinataka kocha wa kudumu, asiyebadilishwa kila timu ya wakubwa inapofungwa, na uwanja wa mazoezi wenye nyasi hapa mjini, ili mtoto wa Gongoni aende kwa miguu baada ya shule.