Treni ya mwendokasi isiue reli ya zamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya treni ya umeme, jambo linalozungumzwa kila siku katika vijiwe vya kahawa hapa Morogoro. Wako wanaosema kwamba fedha zilizotumika zingejenga zahanati na madarasa, na wako wanaosema kwamba bado hatujafika, sasa Serikali ijenge ile ya kilomita 300 kwa saa kama ya Wajapani. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili, na kwa kuwa nilifanya kazi ya njia ya reli kwa miaka 36, kuanzia kibarua wa kushindilia kokoto mpaka mnyapara wa genge, nadhani sitakuwa nimejipa makuu nikisema neno.

Nianze na hao wa zahanati. Mwaka 2024, miezi michache baada ya treni hiyo kuanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, nilimpeleka mke wangu kutazamwa macho Dar es Salaam. Tuliondoka asubuhi, akatazamwa, tukarudi usiku uleule tukala nyumbani kwetu. Zamani safari hiyo ilikuwa ya siku tatu. Siku ya kwanza ni ya basi na foleni ya Mlandizi na Kibaha, siku ya pili ni ya hospitali, na siku ya tatu ni ya kurudi, na humo katikati mmelala kwa shemeji ambaye naye ana watoto sita katika vyumba viwili. Sasa niulize, je, hiyo siyo huduma ya afya? Mgonjwa anayeweza kumfikia daktari bingwa kwa saa zisizotimia mbili amejengewa zahanati kwa namna yake. Mwaka huohuo treni ilipofika Dodoma, nauli ya kawaida kutoka Dar es Salaam ilitangazwa kuwa Sh. 31,000, na safari ambayo kwa basi inakula mchana mzima ikawa ya saa tatu na nusu hivi. Huyo anayesema ni treni ya wakubwa na aende stesheni siku ya Ijumaa jioni awatazame wanaopanda.

Kuhusu mkopo, tusiwe watu wa kushtushwa na neno lenyewe. Wajapani hao tunaowasifu walipojenga reli yao ya kwanza ya kasi kati ya Tokyo na Osaka, iliyofunguliwa Oktoba 1964, walikopa dola milioni 80 kutoka Benki ya Dunia, wakamaliza kulipa mwaka 1981. Gharama zilipanda karibu mara mbili ya zile zilizokadiriwa, mpaka mkuu wa shirika la reli akajiuzulu mwaka 1963, kabla hata treni haijaanza kutembea. Kwa hiyo kukopa ili kujenga si ajabu. Jambo la kujiuliza ni kile kinachokuja baada ya kukata utepe.

Na hapo ndipo ninapoachana na hao wa kilomita 300. Wanaona ule mwendo tu, hawaoni usiku. Huko Japani, kuanzia saa sita za usiku mpaka saa kumi na mbili za asubuhi treni za kasi hazitembei. Ni saa za mafundi. Wanaingia njiani na taa, wanapima, wanafunga, wanashindilia, wanabadilisha kilichochoka, na asubuhi treni ya kwanza inapita juu ya njia iliyokwisha kuguliwa yote. Tangu mwaka 1964 hakuna abiria hata mmoja aliyekufa kwa treni hizo kugongana au kuacha njia. Hiyo haikuja kwa sababu Wajapani wana bahati. Wajerumani nao ni mafundi wakubwa, lakini tarehe 3 Juni 1998, pale Eschede, treni yao ilikuwa ikienda kilomita 200 kwa saa, pete ya chuma ya gurudumu moja ikakatika kwa uchovu, na watu 101 wakapoteza maisha. Ni gurudumu moja, Ndugu Mhariri.

Sasa sisi. Njia mpya inaruhusu kilomita 160 kwa saa. Reli zake zimelehemewa zikawa kitu kimoja, hakuna tena ile ta-ta, ta-ta tuliyoizoea, na mataruma yake ni ya zege. Ni kazi nzuri sana, nimeikagua kwa macho yangu ya kizee na sikuona cha kucheka. Lakini reli iliyolehemewa hivyo ikipigwa na jua kali huwa inatafuta pa kutanukia, na kama kokoto za ubavuni zimepungua inaweza kujipinda kama nyoka. Katika mwendo wa kilomita 30 dereva ataliona pindo hilo na kusimama. Katika mwendo wa 160 hana muda huo. Juu ya reli kuna nyaya za umeme wa volti 25,000, na mwaka huohuo wa 2024 tukasikia kwamba tayari wapo wanaoziiba nyaya za njia hiyo kwenda kuuza shaba. Chini ya tuta kuna makaravati, na karavati likizibwa na magogo halijui kwamba treni inayopita juu ni ya kisasa.

Najua ninachosema kuhusu maji. Sehemu niliyoitumikia kwa muda mrefu zaidi ni ile ya kati ya Kilosa na Gulwe, ambapo reli ya zamani inafuatana na mto Mkondoa kama mtoto na mama yake. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilitutesa, na zile za mwisho wa mwaka 2009 mpaka Januari 2010 zikazoa tuta hata nikasimama mahali nilipopajua kwa miaka 30 nisipatambue. Tulilala porini, tukajaza magunia ya mchanga, tukarudisha njia. Lakini nasema kwa uchungu, genge lililonipokea nikiwa kijana lilikuwa na watu 14, na nilipostaafu tulikuwa watano kwa urefu uleule wa njia. Kila mwaka tuliambiwa hakuna fungu. Wananchi wakaja kusema reli ya Mjerumani imezeeka. Haikuzeeka, ilikosa watu wa kuipalilia. Njia iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914 ilikuwa bado na mataruma ya chuma yaliyo mazima kuliko kiuno changu.

Ndiyo maana nikisikia mtu anataka kasi ya 300 namwuliza, ya nini? Kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma ni kilomita zipatazo 460. Labda tutaokoa saa moja na nusu. Kwa saa hiyo moja na nusu itabidi tujenge njia nyingine kabisa, kwa sababu kona za milima ya kule Kilosa hazikukatwa kwa mwendo huo, na upinzani wa hewa nao ukizidisha mwendo mara mbili huongezeka mara nne, na wote huo unalipwa kwa umeme. Wakati huo mtu wa Tabora, wa Mwanza na wa Kigoma, ambao vipande vyao vilipewa makandarasi kati ya mwaka 2021 na 2022, atakuwa anatutazama tu. Heri afikiwe yeye kwa kilomita 160 kuliko mimi kuongezewa haraka.

Lakini lililonifanya nishike kalamu hasa ni jingine. Hapa mjini nimeanza kusikia maneno kwamba kwa kuwa ya umeme ipo, ile ya zamani ya kipimo cha mita moja ni mzigo, iachwe ife. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Treni ya mwendokasi ikisimama kila kijiji haitakuwa ya mwendokasi tena, hilo halina ubishi, kwa hiyo ni lazima ipite. Sasa wale inaowapita wapande nini?

Dada yangu aliolewa Godegode. Alifiwa na mumewe akiwa na watoto watano, na watoto hao wote aliwasomesha kwa karanga na kuku. Alikuwa akipakia magunia yake katika treni ya zamani, daraja la tatu, yeye mwenyewe akakaa juu ya gunia, akashuka Morogoro kwangu usiku wa manane, na alfajiri yuko sokoni. Barabara ya kwao wakati wa masika ni mto. Siwezi kumwambia akaingie na matenga ya kuku katika behewa la viti vya kuegemea na hewa baridi, na abiria wenye tai wasingemkubali, nao wana haki yao. Yule naye ni mwananchi, na ushuru wa reli unaotozwa kwenye bidhaa zinazoingia nchini tangu mwaka 2015 naye anaulipa kila anaponunua mafuta ya taa na jembe.

Hivyo naiomba Serikali mambo mawili. Kwanza, kila mwaka fungu la matunzo ya njia zote mbili litajwe peke yake katika bajeti, na Wabunge waulize limetumikaje kabla hawajauliza kilomita ngapi mpya zimejengwa, na vijana wanaofundishwa umeme wa treni na ufundi wa njia wawe wengi kiasi cha kutosha kugawana usiku na mchana. Pili, reli ya zamani iachiwe treni ya mchanganyiko, behewa za abiria na za mizigo midogo pamoja, hata kama ni mara tatu tu kwa wiki, isimame Munisagara, isimame Kidete, isimame Godegode. Haina haja ya kukimbia. Kilomita 40 kwa saa zinamtosha dada yangu, ilimradi ajue siku yake na treni ije siku hiyo.

Kama kuna Mbunge wa njia hiyo anayesoma barua hii, mimi nipo tayari kutembea naye kwa miguu kutoka Kilosa mpaka Gulwe nimwonyeshe makaravati yanayohitaji kuzibuliwa kabla ya masika. Viatu bado ninavyo.

Mstaafu wa Njia ya Reli,
Morogoro.