Ushuru wa mahindi ukiondolewa, Tseikuru hufaidika lini?

SHAMBA NA SOKO
Na Mwende Musyoka

Mahindi yanayoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki kutoka nje kwa kawaida hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 50. Gunia lenye thamani ya Sh3,000 bandarini Mombasa huongezwa Sh1,500 kabla ya kupakiwa kwenye lori. Mahindi ya Uganda na Tanzania hayatozwi, wala ya Zambia na Malawi, ambazo ziko pamoja na Kenya katika soko huru la COMESA. Kwa hiyo serikali inapoondoa ushuru, inafungua mlango kwa mahindi ya mbali, kama yale ya Mexico.

Ushuru huo umewekwa kumlinda mkulima wa mahindi. Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, wakulima ni wengi lakini wenye mahindi ya kuuza ni wachache. Tegemeo kuu ni mvua ya Oktoba hadi Desemba, nayo ikikatika mapema mahindi hukauka kabla ya kubeba. Mazao yanayostahimili ukame ni mtama, mawele, kunde na ndengu. Hata hivyo, chakula cha kila siku ni muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na ugali. Familia huuza ndengu na mbuzi ili inunue mahindi, na kila shilingi inayopandisha bei ya gunia huilinda familia ya Trans Nzoia inayouza mahindi kwa kuiumiza ya Tseikuru.

Maumivu hayo huonekana siku ya soko. Ukame ukikaza, wafugaji hupeleka mbuzi sokoni kwa wingi, tena waliokonda, na bei yao huanguka. Wakati huohuo mahindi huadimika na bei yake hupanda. Mama aliyezoea kuuza mbuzi mmoja na kurudi na gunia sasa hupata madebe machache. Mbuzi wakipungua zizini, hununua kwa gorogoro, kopo la kupimia, ya leo leo, kwa bei iliyo ghali kuliko ya gunia. Hatua yoyote ya serikali kuhusu nafaka inafaa kupimwa hapo: mbuzi mmoja analeta gorogoro ngapi nyumbani?

Vizuizi vya nafaka havikuanzia bandarini. Kwa miongo mingi, kuanzia enzi za ukoloni, kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali. Mapema miaka ya 1980 Ukambani ulikumbwa na njaa iliyoitwa Nikw'a Ngwete, kwa kuwa watu walikuwa na fedha mkononi lakini nafaka haikuonekana madukani. Vibali hivyo viliondolewa kabisa mwishoni mwa 1993, na tangu hapo lori la mahindi linaweza kutoka Kitale hadi Mwingi bila kuulizwa kibali.

Ushuru wa forodha ulibaki, na historia yake ya karibuni ni ya kuchelewa. Mwaka 2017 uliondolewa wakati unga ulikuwa umekwisha kupanda kupita uwezo wa wengi. Mwezi Mei meli yenye karibu tani 30,000 kutoka Mexico ilitia nanga Mombasa, na pakiti ya kilo mbili ikauzwa Sh90 kwa ruzuku. Mwaka uliofuata Seneti iliunda kamati maalum kuchunguza malalamiko ya wakulima kuhusu mahindi ya nje na malipo yaliyocheleweshwa. Mwaka 2023 serikali iliruhusu tani 900,000 ziingie bila ushuru. Kufikia hapo mvua ilikuwa imekosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020, na mazizi mengi yalikuwa yamekwisha kupungua.

Kuchelewa huko huumiza pande zote mbili. Mnunuzi huwa amekwisha kuuza mifugo kwa bei ya kutupa, na mkulima wa Bonde la Ufa hujikuta akivuna huku mahindi ya nje yakiwa bado ghalani.

Nafuu nayo hupungua njiani. Ushuru ukiondolewa, wa kwanza kufaidika ni mwagizaji na msagaji mkubwa. Gharama ya lori kutoka Mombasa hadi Mwingi, kisha Kyuso hadi Tseikuru, haiondolewi na tangazo la Gazeti Rasmi. Ruzuku ya 2017 ilikuwa ya unga wa pakiti, ilhali anayepika muthokoi anahitaji mahindi mazima.

Hayo yalitokea hata Ulaya: Uingereza ilifuta sheria zake za ushuru wa nafaka mwaka 1846, wakati Ireland ilikuwa tayari katika njaa ya viazi. Mkate wa mfanyakazi wa mjini ulipata nafuu baadaye, lakini Waireland walizidi kufa, kwa sababu nafaka iliyo bandarini haimfikii asiye na cha kununulia.

Kwa hiyo Kenya inahitaji kanuni inayojulikana mapema: mvua ikikosekana kwa kiwango kilichowekwa na bei ikivuka kikomo, ushuru ushuke wenyewe, kisha urudi kabla ya mavuno ya Oktoba. Sehemu ya mahindi hayo ipelekwe yakiwa mazima kwenye maghala yaliyo karibu na sehemu kame, na yakaguliwe sumukuvu, iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Pamoja na hayo, mbuzi wanunuliwe kwa bei ya haki wakiwa bado na nyama, ili familia ya Tseikuru iwe na fedha ya kununua nafaka itakapofika.