Kunyamaza siyo kusamehe (sehemu ya 4)

Ndugu zangu wa Mapera, hela ya kahawa ikitoka AMCOS, na hasira zinaingia majumbani. Baba kapokea peke yake; mama aliyechuma hajui hata bei. Ananyamaza, watu wanamsifu: mvumilivu huyo! Mimi nesi wenu nasema hapana. Hasira inapandisha presha, moyo unaenda mbio, usingizi hauji. Na Waefeso 4:26 haikatazi kukasirika; inakataza kutenda dhambi na kulala na hasira. Basi mama, pumua, zunguka shamba, sali, halafu jua halijazama mwambie: “Baba watoto, imeniuma. Tukae tupange hela pamoja.” Baba, sikiliza. Ukinyanyua mkono, hiyo siyo hasira tena, ni jinai.