Mafuta ya Ziwa Tanganyika: nani atakayehesabu gharama?

 

Ndugu msomaji, yeyote aliyewahi kufika mwalo wa Kibirizi au wa Katonga alfajiri, mitumbwi inaporejea na dagaa, anaujua mgawo wa wavuvi. Kwanza hutolewa gharama za usiku ule: petroli ya injini, taa, matengenezo ya nyavu. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa baina ya mwenye chombo na wavuvi wake. Ugomvi ukizuka mwaloni, mara nyingi hauhusu fungu la kila mmoja, kwani hilo lilikwisha kukubaliwa. Unahusu petroli: zilikwenda lita ngapi, zilinunuliwa kwa bei gani, na nani aliyeshuhudia.

Mkataba wa kugawana uzalishaji wa mafuta na gesi umejengwa juu ya utaratibu huo huo. Nchi ndiyo yenye mali iliyo ardhini. Kampuni huja na mtaji na utaalamu, hutafuta kwa hasara yake yenyewe, na isipopata kitu huondoka bila kudai chochote. Ikipata, hujirejeshea gharama zake kutokana na mafuta yenyewe, kisha kinachobaki hugawanywa baina yake na serikali, ambayo kwetu huwakilishwa na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC).

Jambo hili linawahusu watu wa Kigoma na Ujiji kwa karibu. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Amoco ilichimba visima katika bonde la Ruzizi, upande wa Burundi, isipate mafuta. Mwaka 2010 serikali yetu iliipa kampuni ya Beach ya Australia kitalu cha kusini mwa ziwa. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilipima tabaka za ardhi chini ya maji kwa mawimbi ya sauti, na baadaye ikaachana na kitalu bila kuchimba kisima. Kitalu cha kaskazini kilinadiwa katika duru ya nne iliyofunguliwa Oktoba 2013, pamoja na vitalu saba vya bahari kuu. Na katika maandalizi ya duru ya tano, Mamlaka ya Udhibiti wa Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA) ilitaja vitalu 26, vitatu kati yake vikiwa ndani ya Ziwa Tanganyika. Mafuta hayajaonekana, na huenda yasionekane kabisa. Hayo yamo katika elimu ya Mwenyezi Mungu. Lakini mkataba hutiwa saini kabla ya kisima kuchimbwa. Mwenye kungoja mafuta yatoke ndipo aulize, atakuwa amechelewa.

Tufanye hesabu ndogo ambayo hata kijana wa shule anaweza kuifuata. Yametoka mapipa 100. Tuseme mrabaha wa serikali ni mapipa 12, yanabaki 88. Ikiwa mkataba unaruhusu gharama zichukue hadi nusu ya mabaki, kampuni itachukua 44, na 44 yatagawanywa. Kwa mgawo wa nusu kwa nusu, kila upande unapata 22, na serikali kwa jumla ina mapipa 34. Sasa tuuache mgawo ule ule wa nusu kwa nusu, tubadilishe kikomo cha gharama tu, kiwe asilimia 70. Kampuni itachukua karibu 62 kwa gharama, yatabaki kama 26 ya kugawana, na serikali itaishia na mapipa 25. Waziri atasema redioni kwamba tunagawana sawa kwa sawa, naye hatakuwa amesema uongo.

Mtu atasema: gharama si zitaisha, na mgao wetu utaongezeka? Ni kweli, kama gharama ni za kweli. Kikomo kikubwa huchelewesha fungu letu tu. Gharama iliyotiwa chumvi ndiyo inayolila fungu lenyewe, wala halirudi tena. Mfano tunao hapa hapa nchini. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kutumika mwaka 2004. Ilipofika mwaka 2011 kamati ya Bunge ilikuwa ikihoji makumi ya mamilioni ya dola yaliyorejeshwa kama gharama. Ni bei ya petroli ya usiku ule, isipokuwa mtumbwi ni mkubwa zaidi.

Uislamu una la kusema katika hili, tena waziwazi. Baada ya Khaybar kufunguliwa, katika mwaka wa saba wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliwaachia wenyeji wake mashamba na mitende wayafanyie kazi kwa nusu ya mazao, kama alivyopokea Ibn Umar (R.A.) katika Bukhari na Muslim. Katika mapokezi ya Muslim imetajwa kwamba waliyahudumia kwa mali yao wenyewe, yaani gharama zilikuwa juu yao. Fungu lilijulikana. Kilichobaki ni kupima, na Mtume (S.A.W.) hakuwaachia waliokuwa wakifanya kazi wajipimie. Alimtuma Abdullah bin Rawaha (R.A.) akakadirie matunda mitini. Imam Malik ameeleza katika Muwatta kwamba watu wa Khaybar walimkusanyia mapambo ya wake zao ili awapunguzie. Aliyakataa, akawaambia kuwa hiyo ni haramu isiyoliwa, na kwamba kuwachukia kwake hakutamfanya awadhulumu. Waliridhika, wakakiri kwamba ni kwa uadilifu huo mbingu na ardhi zimesimama.

Tazama, ndugu msomaji, sifa mbili zilizokutana kwa mtu mmoja. Alijua kukadiria, na hakununulika. Mkaguzi mwaminifu asiyejua bei ya kukodi mtambo wa kuchimba hatatuokoa, wala mjuzi anayepokea mapambo.

Kuna kisa kingine ambacho sikisikii mara kwa mara mimbarini. Abyad bin Hammal (R.A.) alimwomba Mtume (S.A.W.) ampe chumvi ya Ma'rib, kule Yemen, naye akampa. Alipoondoka, mtu mmoja aliyekuwapo barazani akaeleza kilichotolewa hasa: mali isiyokatika, mfano wa maji yasiyokauka. Mtume (S.A.W.) akairejesha. Kisa hiki kimo kwa Abu Daud na Tirmidhi, na wanachuoni wengi wamekitolea hoja kwamba madini yaliyo wazi, yanayohitajiwa na watu wote, hayakabidhiwi mtu mmoja. Mimi hunivutia zaidi yule mtu wa barazani. Asingekuwapo mwenye habari, au angekuwapo akanyamaza, ingekuwaje?

Kwetu baraza hilo limekuwa na mlango mzito. Julai 2014 ilivuja nyongeza ya mkataba wa kitalu namba 2 cha baharini, iliyoonyesha TPDC ikianza na asilimia 30 ya gesi ya faida na kupanda hadi 50 kadiri uzalishaji unavyokua. Wananchi walijua kwa kuvuja, si kwa kuambiwa. Novemba mwaka huo Kamati ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, iliamuru viongozi wa TPDC wakamatwe kwa kutowasilisha mikataba 26. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu siasa za mbunge huyo, lakini kamati ya Bunge kunyimwa mkataba wa mali ya umma ni jambo la kushangaza.

Baada ya hapo zilikuja sheria. Ile ya uwazi katika sekta ya uziduaji, ya mwaka 2015, inataka mikataba itangazwe. Nyingine ya mwaka 2017 inaliruhusu Bunge kuelekeza masharti ya dhuluma yajadiliwe upya. Hii ya pili ina mfano wake katika chumvi ya Ma'rib, lakini tusiitegemee kupita kiasi. Sura ya Al-Maidah inafunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba, na kampuni kubwa zina mahakama za usuluhishi za kukimbilia. Uganda ilipoidai kampuni ya Heritage kodi ya zaidi ya dola milioni 400, baada ya kampuni hiyo kuuza hisa zake za Ziwa Albert mwaka 2010, shauri lilifika London. Uganda ilishinda, lakini kwa miaka na kwa ada za mawakili. Sharti la kodi ya mauzo lililoandikwa bayana tangu mwanzo lingeepusha mengi.

Kwa hiyo vitalu vitatu vya ziwa vitakapofika mezani, mwenye familia Ujiji ana haki ya kumwuliza mbunge wake: kikomo cha gharama ni asilimia ngapi? Kampuni ikinunua vifaa kwa kampuni dada yake, nani atalinganisha bei na ya sokoni? Ukaguzi utafanyika kila mwaka, au baada ya miaka mitano nyaraka zikiwa zimepotea? Gharama iliyokataliwa italipwa lini?

Kisha aulize juu ya maji. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, linashirikiwa na nchi nne, na maji yake hubadilika polepole mno. Mafuta yakimwagika hayatasombwa kama baharini, na dagaa hana mpaka wa Burundi wala wa Kongo. Nchi hizo nne zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa mwaka 2003, Dar es Salaam. Mkataba wa mafuta utamke wazi kwamba gharama ya kusafisha uchafuzi uliotokana na uzembe haiingii katika gharama zinazorejeshwa. Isipotamkwa hivyo, tutajikuta tunalipia sisi wenyewe, kwa mapipa yetu, kuchafuliwa kwa maji tunayotawadhia.

Manispaa ya Kigoma Ujiji ilichaguliwa mwaka 2016 kuwa miongoni mwa miji ya kwanza duniani kujaribu mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi. Tanzania ikajitoa katika mpango huo mwaka uliofuata. Lakini sheria ya mwaka 2015 ya kutangaza mikataba bado ipo, na hakuna kinachozuia nakala ya Kiswahili kubandikwa katika ofisi za manispaa, mahali ambapo mvuvi wa Kibirizi anaweza kuisoma akitoka Swala ya Ijumaa.

Wallahu aalam.