Ketamini: Mgonjwa wa Huzuni Ategemee Nini?

Mwezi uliopita tulikaa kikao cha jamaa hapa Mombasa kwa ajili ya mtoto wa dada yangu aishiye Ohio, Marekani. Kwa miaka mitatu kijana huyu ameshikwa na ugonjwa wa huzuni. Si majonzi ya kufiwa ambayo siku huyapunguza, bali ni yale yanayomfanya mtu aone hakuna haja ya kuamka asubuhi. Vidonge vya namna kwa namna amemeza, wala hakupata nafuu. Sasa daktari wake amemshauri atiwe mshipani dawa iitwayo ketamini, na kwa kuwa bima yake hailipi, ametuomba tumchangie.

Mzee mmoja aliuliza, "Hiyo si nusukaputi? Tutoe pesa mtoto akalevywe?" Mwingine akajibu kwamba ni dawa ya ajabu, atapona siku moja. Kwa maoni yangu wote wawili walikosea.

Ni kweli kwamba ketamini ni nusukaputi. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, na hospitali nyingi za Afrika huitumia katika upasuaji, kwani mgonjwa aghalabu huendelea kupumua mwenyewe. Mwaka 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale walieleza kwamba kiasi kidogo tu, nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, kikitiwa polepole kwa dakika 40, kiliwapunguzia wagonjwa wachache huzuni katika muda wa siku tatu. Vidonge vya kawaida huchukua majuma kadhaa.

Je, mgonjwa ategemee nini? Kwanza hupimwa presha na kuulizwa habari za maradhi yake ya zamani, kwani mwenye presha isiyotulia au aliyewahi kurukwa na akili huenda isimfae. Hukatazwa kula kwa saa kadhaa. Dripu ikianza, huweza kuhisi kana kwamba anaelea, mwili si wake, na sauti za watu ziko mbali. Presha hupanda kidogo, na wengine hupata kichefuchefu. Hayo si pepo wala wazimu, na kwa kawaida hutoweka katika saa moja au mbili baada ya dripu kwisha. Hata hivyo, asiendeshe gari mpaka kesho yake, na apange saa ya tiba ili sala isimkute akili haijamrudia.

Kwa kawaida hutiwa mara sita katika majuma mawili au matatu. Wako wanaopata nafuu siku ile ile, na wako wasiopata chochote. Hata aliyepata nafuu huenda huzuni ikamrudia baada ya siku au majuma machache, akahitaji kutiwa tena. Hapo ndipo penye fundo.

Dawa hii ikitumiwa mara kwa mara pasipo uangalizi huharibu kibofu cha mkojo, na mtu huweza kuwa mtumwa wake. Mwigizaji Matthew Perry, aliyefariki Los Angeles mwezi wa Oktoba 2023, aliuawa hasa na ketamini aliyoitumia nje ya kliniki. Tena, serikali ya Marekani haijaidhinisha dripu hii kwa ugonjwa wa huzuni, ingawa madaktari wana ruhusa ya kuitoa kwa maarifa yao. Iliyoidhinishwa, mwaka 2019, ni esketamini ya kupuliza puani, na mgonjwa huangaliwa hapo hapo kwa saa mbili.

Basi tulikubaliana kuchanga, lakini tulimtaka kijana amuulize daktari maswali matatu: nani atamwangalia wakati wa dripu, ni nini kitafuata baada ya mara ya sita, na ataendelea vipi na ushauri na dawa nyingine?

Lililoniuma zaidi ni kwamba miaka yote mitatu hatukujua. Alituficha, nasi hatukumuuliza, mpaka alipohitaji pesa. Ketamini humtupia mtu kamba ya kutokea kisimani. Kumshika mkono akishafika ukingoni si kazi ya dripu, ni kazi yetu sisi jamaa zake. Sasa kila Ijumaa baada ya sala mmoja wetu humpigia simu.