Kidato cha Kwanza Tulivuka Bila Daraja

Oktoba mwaka jana nilikaa wiki nzima nyuma ya darasa la tatu katika shule moja ya msingi mjini San Antonio, Texas. Nilikuwa kule kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi, na kazi niliyopewa ilikuwa nyepesi: kaa, tazama, andika. Nimerudi na daftari lililojaa, lakini kuna jambo moja ambalo haliniachi, na ndilo nawaletea, hasa sisi tunaosomea ualimu.

Nusu ya watoto wa darasa lile nyumbani wanaongea Kihispania, nusu Kiingereza. Wote wanasoma kwa lugha zote mbili, nusu kwa nusu. Mpango huu si mgeni Marekani. Shule ya Coral Way mjini Miami iliuanza mwaka 1963, wakati wakimbizi wa Cuba walipokuwa wakimiminika katika mji ule.

Wiki ile masomo yote yalikuwa na mada moja: kipepeo aina ya monaki, ambaye hupita Texas kila Oktoba akielekea misitu ya milimani huko Michoacán, Mexico, kukwepa baridi.

Jumatatu ilikuwa sayansi, kwa Kihispania: yai, kiwavi, pupa, kipepeo. Mwalimu hakusema neno la Kiingereza hata moja. Mtoto asiyejua Kihispania vizuri alichora, akaoneshea kidole, akanong'onezwa na jirani yake. Jumanne hesabu, kwa Kiingereza. Walipima kwenye ramani kwa uzi: kutoka mjini kwao hadi Michoacán ni kama kilomita 1,100. Wakazigeuza kuwa maili, wakapata 680 na ushee. Siku hiyo wanong'onaji walibadilishana zamu: aliyekuwa mwalimu jana akawa mwanafunzi. Jumatano jiografia kwa Kihispania, Alhamisi kuandika insha kwa Kiingereza.

Alhamisi hiyo binti mmoja akaandika kwamba kipepeo anasafiri "a large journey". Jamani, mimi nilidhani ni kosa la kawaida. Mwalimu hakukata kwa wino mwekundu. Aliliweka akiba.

Ijumaa akabandika karatasi kubwa ukutani, safu mbili. Wanaiita "el puente", yaani daraja. Watoto wakaanza kuyapanga maneno ya wiki nzima. "Metamorfosis" na "metamorphosis" ni ndugu. "Migración" na "migration" ni ndugu. "Mariposa" na "butterfly" hawajuani kabisa. Kisha mwalimu akaandika "largo" na "large", akauliza: hawa je? Wakabishana mpaka wakagundua kwamba "largo" ni ndefu, si kubwa. Binti yule akajisahihisha mwenyewe, na hakuna aliyemcheka.

Hapo ndipo nilipojikumbuka.

Shule ya msingi nilisoma usanisinuru. Nililijua somo lile vizuri tu: jani, mwanga wa jua, maji, hewa ya ukaa, chakula cha mmea. Nikaingia kidato cha kwanza, mwalimu akaandika ubaoni "photosynthesis", nikalinakili, nikalikariri kama wimbo. Ilinichukua karibu mwaka kung'amua kwamba ni kitu kilekile. Mwaka mzima nilijiona mjinga wa jambo ninalolijua! Na sidhani kama nilikuwa peke yangu. Waulize wenzako wa bwenini.

Sasa tazama ajabu yake. Kihispania na Kiingereza vina maelfu ya maneno yanayofanana, na bado mwalimu yule anatenga Ijumaa nzima kujenga daraja. Kiswahili na Kiingereza havifanani katika maneno mengi ya sayansi, na sisi tunamwambia mtoto aruke.

Nawasikia watakaosema Kiingereza ndiyo lugha ya ajira. Sawa, sibishi. Watoto wa San Antonio nao wanakihitaji, na wanakipata. Tofauti ni kwamba hawalipii kwa kutupa walichokwisha kukijua. Wengine watasema Wamarekani wenyewe hawakubaliani, na ni kweli: wapiga kura wa California waliubana sana ufundishaji wa lugha mbili mwaka 1998, wakaja kuufungulia mlango tena mwaka 2016. Kwao Kihispania ni lugha ya wachache, na kila kipindi chake kimepiganiwa. Kwetu Kiswahili kinajulikana na karibu darasa zima, mwalimu akiwemo. Hatuna hata kazi ya kutafuta wa kunong'onezana.

Na tusidanganyane, Kiswahili tayari kimo madarasani. Mwalimu anaeleza kwa Kiswahili mlango ukiwa umefungwa, mkaguzi akitokea anarudi kwenye Kiingereza mbio. Tunafundisha kwa lugha mbili kwa kujificha, bila mpango, bila siku ya daraja. Ndiyo maana mtoto anatoka na vipande vya huku na vya kule.

Sera hatuwezi kuibadilisha kesho. Lakini wengi wetu tunakwenda TP muhula ujao, na bumu likiingia, karatasi ya manila haimshindi mtu. Igawe safu mbili. Kila Ijumaa wape wanafunzi dakika kumi: neno la wiki kwa Kiingereza, neno walilolijua tangu shule ya msingi, na wabishane kama ni ndugu au la. Mtihani utabaki wa Kiingereza, ila mtoto ataingia nao akijua anachokisema.

Mimi yangu nitaanza na usanisinuru.