Vyuo vikuu: mhadhara peke yake hautoshi

Uchambuzi wa tafiti 225 uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulionyesha kuwa katika sayansi, uhandisi na hisabati, uwezekano wa kufeli kwa wanafunzi wanaosikiliza mhadhara tu ni mara moja na nusu ya ule wa wanaoshirikishwa darasani. Profesa Eric Mazur wa Harvard alibadilisha ufundishaji wake mapema miaka ya 1990: huuliza swali, kila mwanafunzi huchagua jibu, kisha hujadiliana na jirani yake. Hata ukumbi uliojaa wa Dar es Salaam unaliweza hilo kwa kunyoosha mikono tu.

Tanzania, mkopaji anayefeli anaweza kuondoka bila shahada, lakini deni la Bodi ya Mikopo hubaki naye. Basi tusimlaumu mwanafunzi peke yake. Mhadhiri naye apimwe kwa ufundishaji, si kwa machapisho tu.